Mpichi wa Nhàn na Baridi Iliyokawia Njiani

Jumatatu, 20 Januari
Redio imetoa utabiri wa wiki kwa mikoa ya kaskazini. Baridi kali kuanzia Jumatano, nyuzijoto tisa, manyunyu, upepo wa kaskazini mashariki. Balaa! Tet, mwaka mpya wetu, ni wiki ijayo, na matumba ya mpichi wa Nhàn bado yamefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Kila mwaka Nhàn, marehemu mke wangu, aliufanya uchanue asubuhi ileile ya mwaka mpya. Mimi niliruhusiwa kushika ngazi tu. Hii ni Tet yake ya kwanza akiwa kwenye picha, pale juu ya meza ya ubani. Hatakosa maua yake. Majani niliyapukutisha mwenyewe mwezi uliopita, kama alivyokuwa akifanya, ili matumba yaamke kwa wakati. Imebaki kuishinda baridi.

Jumanne, 21 Januari
Mti nimeuzungushia nailoni. Majiko ya makaa ndani. Maji ya uvuguvugu kwenye mizizi. Nimeyapima kwa kiwiko, kama Nhàn alivyopima maji ya kumwogesha binti yetu. Jirani yangu Khoát, mwenye mipichi ng'ambo ya mfereji, alichungulia akauliza kama naupika mti au nauogesha. Nikamwambia asikilize redio. Akasema anaisikiliza kila siku, na kila siku inamwomba radhi.
Mwenye wivu!

Alhamisi, 23 Januari
Baridi haikuja. Redio inasema imekawia njiani, labda Jumapili. Inasema bila haya yoyote! Leo jua, watu wamevaa fulana. Matumba yamevimba, ncha zimeshaonyesha rangi ya waridi. Nimeng'oa nailoni mbio, nikaunguza kidole.
Mpango mpya: kuyachelewesha. Nimekwenda kwa Bi Luyến, muuza chai ya barafu, nikamwomba barafu yote aliyonayo. Akauliza, "Shemeji, unaoa?" Nikasema ni ya mpichi wa Nhàn. Akanijazia gunia.
Nilipoimwaga kwenye mizizi, Khoát tena: "Juzi uliuchemsha, leo unaugandisha. Huo mti umekukosea nini, kaka?"
Nilikuwa kazini.

Jumamosi, 25 Januari
Umechanua. Wote! Mzuri kuliko mwaka wowote. Na Tet bado.
Mpango wa tatu. Wafu wetu huwa tunawaalika nyumbani mkesha wa mwaka mpya. Nikaona nimwalike Nhàn leo, maua yangalipo. Nikawasha udi, nikaanza kumweleza hali ilivyo. Halafu nikaona aibu. Nhàn hakupenda kuharakishwa. Siku ya harusi ya binti yetu alitusubirisha sote akitafuta kitana chake cha mbao, na kilikuwa kichwani. Nimezima udi. Nimeuomba mti uvumilie.

Jumatatu, 27 Januari
Baridi ilifika jana. Na upepo wake! Petali zote zimelala matopeni. Mtangazaji anasoma nyuzi kwa fahari, utadhani amezizaa yeye. Nimefagia. Ua moja lilikuwa limebaki tawini. Nimelifungia uzi. Limeanguka na uzi wake.

Jumanne, 28 Januari
Khoát amekuja na tawi. Matumba manono, mengine yanaanza kufunguka. Mipichi yake hakuigusa wiki nzima. Akasema, "Hili la shemeji. Liweke kwenye maji ya kawaida, halafu toa mikono. Usilipashe moto, usiligandishe, usilihubirie!" Nimemshukuru mpaka akakasirika. Kesho mchana atakuja kunitakia heri.
Udi nimewasha kwa wakati wake leo. Nimemwambia Nhàn aje.

Jumatano, 29 Januari
Tet! Maua yamefunguka mbele ya picha yake. Si mengi, lakini yapo. Nimelia kidogo, nikala mkate wa wali uliofungwa majani, nikafurahi. Khoát ni mtu mwema. Nimejifunza kuwa mimea ina saa yake, na mtu hana budi kuiheshimu.
Ila redio inasema wiki ijayo baridi itazidi. Na upande wa kushoto wa tawi kuna matumba bado yamefumba. Nhàn alipenda upande wa kushoto.
Maji ya uvuguvugu tayari, kiwiko kimeyakubali. Na jiko moja tu, dogo, chini ya meza. Nikimsikia Khoát mlangoni nitalifunika kwa blanketi.