Bata Mzinga wa Bernadine na Kura Yangu

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeanza siku kwa mshtuko. Sijanywa hata kahawa, Bernadine akanikalisha jikoni na kunitangazia kwamba Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani mwaka huu watu wote watakula hapa kwetu. Wote. Yaani kaka yake Wendell na binti yetu Corinne, chumba kimoja, na visu mezani.

Nikamkumbusha ya mwaka jana. Uchaguzi ulikuwa umepita wiki tatu tu. Wendell alisimama, akainua glasi, akamtakia Rais mpya maisha marefu. Corinne naye akasimama, akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake kuhusu Rais huyo, akachukua pai ya boga aliyokuja nayo na kurudi nayo kwake Columbus. Mwendo wa saa mbili. Pai nzima. Sikuonja hata ukoko. Tangu siku hiyo mjomba na mpwa hawasemeshani.

Bernadine akasema anakumbuka, asante sana. Lakini Wendell ameuza nyumba. Januari anahamia Arizona, magoti yake hayataki tena baridi ya Ohio. Akasema bila kupandisha sauti: "Merle, sina ndugu mwingine na sina mtoto mwingine. Nataka kuwaona hawa wawili meza moja kabla mmoja hajaenda zake. Ukiweza kunisaidia, nisaidie. Ukishindwa, kaa mbali." Kisha akaanza kukipiga pasi kitambaa cha meza cha marehemu mama yake. Siku kumi na mbili kabla.

Nikamwambia aniachie mimi. Akafumba macho. Sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Novemba

Mpango wa kwanza: kumwomba Wendell kistaarabu aache siasa nyumbani kwake. Nimemkuta uani anakusanya majani. Kofia yenye jina la Rais kichwani. Bango la kampeni bado limesimama kwenye nyasi, mwaka mzima baadaye, na analifuta vumbi. Kabla sijafungua mdomo akanipa somo la ushuru. Bidhaa za nje zikitozwa barabara, viwanda vitarudi, hata kile cha matairi alichokifanyia kazi miaka thelathini na moja. Pale kiwandani sasa kuna duka la chakula cha mbwa. Sikumwambia. Nikajikuta naitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyo. Mtu akizungumza kwa hamasa, shingo yangu inakubali yenyewe.

Nikagusia habari ya Corinne. Akaacha kukusanya majani. Akasema yeye ndiye aliyemfundisha mtoto yule kuvua samaki na kuendesha gari, hana kinyongo naye hata kidogo. Aombe radhi tu, yaishe.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimempigia Corinne baada ya saa za kazi. Ni mwalimu. Nimepewa somo la ushuru upya, safari hii kutoka upande wa pili: bei ya penseli, bei ya karatasi, bei ya kahawa. Kisha akawapitia mawaziri wa Rais mmoja mmoja kama anaita majina darasani, na hakuna aliyefaulu. Shingo yangu ikakubali tena, ingawa kwenye simu haonekani mtu.

Nikagusia habari ya mjomba. Akaacha kuita majina. Kisha akasema anammisi, na hana kinyongo naye. Aombe radhi tu, yaishe.

Nimeduwaa. Watu wazima wawili, sentensi moja, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Hapa panahitaji mtu mwenye akili.

Jumatano, 19 Novemba

Nimepata. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nimemwambia Wendell kwamba Corinne amebadilika. Ushuru umemwingia. Sasa yuko na Rais, ila anaona haya, kwa hiyo asimtaje mtu huyo mbele yake, asije akamtonesha. Kisha nimemwambia Corinne kwamba mjomba amemchoka Rais. Kofia anaivaa kwa sababu ya upara tu. Lakini ni mzee, ana fahari yake, asimtaje mtu huyo mbele yake. Na ili mambo yakae sawa, nimemwambia kila mmoja kwamba mimi pia niko upande wake, na nilimpigia kura mtu wake.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Aliyesema hivyo hakuwa na simu.

Nikasikia Wendell anapenga kamasi. Corinne aliniuliza mara tatu kama ni kweli. Sikutegemea iwe rahisi hivi. Kwa kweli nimejiogopa kidogo.

Ijumaa, 21 Novemba

Vikwazo. Wendell amekuja na bango la Rais na nyundo. Akasema kwa kuwa sasa nyumba yetu yote iko pamoja, hakuna sababu ya uani kwangu kubaki kama makaburini. Akalipigilia mwenyewe, magoti yakilia. Saa mbili baadaye posta wakaleta kifurushi kutoka kwa Corinne. Vibandiko vya kumpinga Rais, viwili, vya gari. Na barua: Baba, najivunia wewe.

Nimebandika kimoja nyuma ya pikapu, nikaiegesha matako ya gari yakigusana na ukuta wa gereji. Bango linaonekana ukitokea mashariki, kwa Wendell. Kibandiko hakionekani kokote, ila nitaigeuza pikapu Corinne akifika.

Bi Pruitt wa nyumba ya mkabala ameyaona yote hayo dirishani. Mjane yule hana kazi nyingine ila kuhesabu majani ambayo sijayaokota. Siku za uchaguzi ndiye anayekaa na daftari la wapiga kura, mwaka wa ishirini na nane sasa, na huwa anaringa kama amelichapisha yeye. Akavuka barabara kuniuliza kama mimi na Bernadine tumegombana. Nikamwambia hii ndiyo demokrasia. Bernadine akatokea na kumkaribisha chakula cha Alhamisi. Nikapinga. Sikusikilizwa.

Jumatano, 26 Novemba

Corinne amefika na pai mbili. Nimeling'oa bango dakika kumi kabla na kulificha nyuma ya friza, na pikapu nimeigeuza. Alipokiona kibandiko akanikumbatia, akaning'ang'ania. Akasema amewasimulia walimu wenzake kwamba baba yake alikuwa upande wao muda wote, wakapiga makofi.

Hapo niliona aibu. Aibu ya kweli, kifuani. Ikachukua kama robo saa.

Bernadine anamenya viazi na anaimba. Mwaka mzima sijamsikia akiimba. Ameniuliza nimefanyaje mpaka wote wawili wamekubali kuja. Nikamwambia busara tu, mke wangu.

Alhamisi, 27 Novemba

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya mashine ya kufulia. Mlango nimeufunga.

Ilianza vizuri kupita kiasi. Pikapu nilikuwa nimeigeuzia ukutani tena alfajiri, na bango nilimwambia Wendell limeng'olewa na upepo. Wendell aliingia bila kofia. Ameivua kwa heshima ya mpwa wake, asije akamwonea haya. Corinne akakiona kile kipara kitupu, akaelewa vingine kabisa, machozi yakamlenga. Wakakumbatiana pale mlangoni. Wendell akasema "mama, umekonda", Corinne akasema "mjomba, wewe ndiye umenenepa". Bernadine akageukia jiko na kukoroga sufuria isiyo na kitu. Nikawaza kwamba mtu kama mimi angepelekwa kusuluhisha nchi.

Tukakaa. Bata mzinga katikati. Wendell huku, Corinne kule. Kila kitu nilikuwa nimekipanga, isipokuwa kimoja, na mpaka sasa siamini kwamba nilikisahau. Kabla hatujala, kila mtu mezani husema anachoshukuru. Tunafanya hivyo miaka arobaini. Kila nyumba ya mtaa huu inafanya hivyo. Sikukuu yenyewe inaitwa hivyo.

Bi Pruitt akashukuru kwa nyonga yake mpya. Bernadine akashukuru kwa hawa wawili waliokaa hapa, na hakuweza kumaliza. Zamu ya Wendell. Akakohoa. Akasema anamshukuru Mungu kwa Corinne, aliyekuwa na ujasiri wa kukubali kwamba Rais alikuwa sahihi.

Uma wa Corinne ukagonga sahani. Akauliza nani kakubali nini. Wendell akasema asione haya, mama, wako nyumbani. Corinne akasema yeye haoni haya, si mjomba ndiye aliyemchoka Rais wake? Wendell akauliza amchoke kwa lipi. Wakatazamana. Kisha wakageuka polepole, wote wawili, wakanitazama mimi.

"Baba."

"Shemeji."

Nikasema chakula kinapoa.

Basi yakaanza. Ushuru, mipaka, mawaziri, nani mwongo, nani amedanganywa na televisheni ipi. Wendell amesimama, Corinne amesimama. Nilichungulia pai, nikaona amekwishaivuta moja karibu. Lakini Bernadine ndiye aliyeniumiza. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha mama yake, anavitazama, kama mtu anayesubiri kituoni na basi halisimami. Nilimwona hivyo mara moja tu maishani, na ilikuwa hospitalini. Nikasema moyoni lazima nifanye kitu.

Nikapaza sauti. Nikasema jamani, sisi sote ni raia, sote tulipiga kura, tuheshimiane.

Wakaniuliza kwa pamoja: ulimpigia nani? Wendell akasema nilimwambia nilimpigia Rais. Corinne akasema nilimwambia nilimpigia mpinzani wake. Nikasema kura ni siri.

Bi Pruitt alikuwa anajimiminia mchuzi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba siri ni umempigia nani. Kufika au kutofika si siri. Na Merle hakufika. Daftari alikuwa nalo yeye. Bernadine alisaini. Mstari wa Merle ulibaki mweupe.

Nikakanusha. Nikasema waulizeni watu wote, nilivaa kile kibandiko wanachopewa waliopiga kura, nilikivaa kifuani siku mbili. Bernadine akainua kichwa. Akasema taratibu: "Kumbe changu kilikwenda huko."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema ukweli. Foleni ilikuwa ndefu. Ng'ambo ya barabara akina mama wa kanisa walikuwa wanauza supu ya kuku na tambi. Nilikwenda kwa bakuli moja tu. Wakati narudi, ilikuwa bakuli la tatu na milango imefungwa.

Sijapata kuona mshtuko kama ule. Kama ningesema nimeua mtu wangeniuliza sababu. Wendell akakaa, rangi imemtoka. Akasema kwa sauti ndogo: "Merle, bora ungempigia yule wa kwao." Na papo hapo, juu ya maneno yake, Corinne: "Baba, bora hata ungempigia huyohuyo."

Wakasikiana. Wakatazamana kwa mara ya pili, lakini si kama ile ya kwanza.

Kisha wakanigeukia. Corinne akanihesabia bibi na mama wa bibi ambao hawakuruhusiwa kupiga kura. Wendell akanitajia wenzake wa jeshini waliofia vitani, kwa majina. Mmoja akiishiwa pumzi mwingine anapokea. Corinne akisema "mwache mjomba amalize", Wendell akisema "hapana, mama, hilo la supu mwambie tena". Nchi inawaka moto, watu hawalali kwa ajili yake, na mimi nakunywa supu. Mabakuli matatu. Sikuwahi kuwaona wakikubaliana hivyo tangu Corinne ana miaka kumi na mbili.

Mwishowe Wendell akashika kisu na kusema: "Haya mama, nishikie sahani nikate huyu ndege." Akamshikia. Mimi nikapewa shingo. Bernadine alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, machozi yanadondoka, anajifuta kwa kitambaa cha meza alichokipiga pasi siku kumi na mbili kabla.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamelala wote hapa. Asubuhi nimewakuta wanaosha vyombo pamoja na wanabishana juu ya ushuru kwa kelele, huku mmoja anasuuza na mwingine anafuta. Hakuna aliyehama hata inchi moja. Corinne atakwenda Arizona Pasaka. Wendell amesema ataning'iniza picha ya Rais chumba cha wageni, makusudi. Corinne amesema ataigeuzia ukutani. Wakacheka. Mimi nikicheka wananyamaza.

Bernadine amenipeleka pembeni. Alikuwa mpole, na hilo limenitia hofu zaidi. Akasema alichokitaka amekipata, ila si kwa busara yangu. Akasema ninachodaiwa sasa ni ahadi moja. Novemba ijayo kuna uchaguzi wa Bunge. Nikapange foleni, nipige kura yangu, kwa mtu ninayemtaka mimi, na kabla ya hapo nikae na kaka yake na binti yake niwaambie ukweli kuhusu ninachofikiri. Akasema hata hajui ninafikiri nini, na tumeoana miaka arobaini.

Nikaapa.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya ukweli. Nimeguswa mno. Nimerudi moja kwa moja kwenye simu, sikungoja hata chakula.

Nimempigia Corinne. Nimemwomba radhi kwa yote. Alikuwa baridi mwanzoni. Nikamwambia nimefikiri sana, na uchaguzi ujao nitapiga kura pamoja naye, upande wake, bega kwa bega. Akalia. Akasema anakuja kunichukua kwa gari lake siku hiyo, twende wote kituoni.

Halafu nimempigia Wendell. Naye alikuwa baridi. Nikamwambia nimefikiri sana. Amefurahi mpaka ameapa kwamba atarudi kutoka Arizona kwa ndege siku hiyo, magoti au si magoti, anisindikize mwenyewe mpaka mezani kwa Bi Pruitt.

Nimewaomba kila mmoja asimwambie mwenzake. Wote wamekubali. Bernadine ananiuliza kutoka jikoni kama nimewaambia ukweli, na nimemjibu kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na amani kama leo.