Barua ya Mwanamke wa Dirishani

Jumanne, 4 Novemba

Makumbusho ya sanaa wamenijibu. Hawanitaki niwe mwongoza wageni wa kujitolea. Eti sina elimu ya picha. Miaka thelathini na mmoja nimeendesha tramu hapa Vienna, nikipita mbele ya jengo lao mara kumi na nne kwa siku. Kama hiyo si elimu, sijui elimu ni nini. Nafasi kapewa Bi. Stadlbauer, mwalimu mstaafu, mwenye shanga shingoni na kibendera chekundu cha kukusanyia watu kama kuku. Sawa. Kesho naingia kama mgeni wa kawaida, nasimama mbele ya picha, naanza kusema. Watu hufuata sauti inayojiamini.

Jumatano, 5 Novemba

Wamefuata. Saba, pamoja na mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la kijivu. Nilichagua picha ndogo chumba cha kumi na mbili: mwanamke dirishani, mkononi karatasi iliyokunjwa. Miwani nimeisahau nyumbani, kibao cha maelezo sikukisoma. Haikunizuia. Nikawaambia hiyo ni barua ya dada yake. Waligombana, mwanamke akakaa nayo miaka tisa bila kuifungua. Sijui jambo hilo lilinitoka wapi. Lilitoka tu, kama jina la kituo.

Yule mama wa koti akauliza, “Mwishowe aliifungua?”

Sikuwa nimefika huko. Nikasema, “Aliifungua, mama, lakini alichelewa.”

Mzee mmoja alivua kofia. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuhisi baridi.

Alhamisi, 6 Novemba

Wasikilizaji kumi na mmoja, wanne kati yao nimewapora kwa Bi. Stadlbauer. Akaja na kibendera chake, akasimama nyuma, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaninong'oneza, “Bwana Pichler, hata kibao hujakisoma?”

Leo miwani ninayo. Nikasoma. Mke wa mwokaji mikate na orodha ya unga.

Nilimwambia wataalamu hutofautiana. Akasema kuhusu unga hawatofautiani. Hakuniitia mlinzi. Afadhali angemwita.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilikuwa kwenye mgahawa wa makumbusho, na kipande cha keki ya tufaha, nikipanga namna ya kulipiza, yule mama wa koti la kijivu akaja kuketi mezani kwangu. Jina lake Rosalia Krenn, mshonaji. Akasema kesho saa tatu asubuhi anapanda treni kwenda Graz kwa dada yake Ernestine. Waligombania kabati la marehemu mama yao. Hawajasemezana miaka tisa.

Tisa. Ningeweza kusema sita. Ningeweza kusema kumi na mbili.

“Maneno yako yameniamsha,” akaniambia.

Keki ilinishinda. Huyu mama atabisha mlango wa mtu kwa sababu ya orodha ya unga. Akifungiwa mlango je? Akitukanwa ngazini, majirani wakichungulia? Mimi ndiye niliyemtuma. Nimewaza jioni yote. Nimepata njia: nitamwambia treni za Graz zimesimama, reli imeharibika. Nguo zangu za tramu bado zinanitosha kifuani, karibu zinitoshe. Ataniamini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilifika stesheni na kofia ya kazi kichwani. Ubao ulitangaza kwamba treni ya Graz ipo na haijachelewa hata dakika. Bi. Krenn alikuwa jukwaani, kashika chupa ya jemu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano, kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Mpango ukanifia mdomoni.

Nikasema, “Bi. Krenn, ile si barua. Ni orodha ya unga. Mambo ya dada niliyatunga mimi.”

“Najua,” akasema. “Kibao nilikisoma kabla hujafungua mdomo.”

“Sasa unakwenda kufanya nini?”

“Uliposema alichelewa, wewe mwenyewe ulikuwa karibu kulia, Bwana Pichler. Nikasema moyoni, huyu anajua anachokisema.”

Nilimjibu ilikuwa mafua. Akaniangalia kidogo, akapanda. Nikabaki pale mpaka jukwaa likawa tupu. Abiria mmoja akaniuliza choo kiko wapi. Kwa sababu ya kofia.

Jumatano, 12 Novemba

Bi. Krenn amerudi. Amenikuta chumba cha kumi na mbili. Dada yake alifungua mlango akiwa na aproni, akamtazama juu hadi chini, akasema, “Umekonda. Supu iko mezani.” Kabla supu haijapoa walishaanza tena ugomvi wa kabati. Alikaa siku nne. Krismasi Ernestine anakuja Vienna.

Bi. Stadlbauer alisikia yote. Akasema nikihudhuria masomo yake kila Alhamisi hadi Pasaka, ataniombea beji ya mwongoza wageni. Nimemwambia nitafikiria. Ukweli, sioni haja. Mtu mwenye kipaji kama changu akisoma sana ataharibika. Nimemleta dada kwa dada bila kusoma ukurasa mmoja.

Nyumbani nimekuta barua ya mdogo wangu Ferdinand wa Linz. Mwandiko uleule wa kulala upande. Nimeitia kwenye droo pamoja na zile nyingine ambazo sijazifungua. Sina nafasi ya mambo ya Linz wiki hii. Kesho naanza na picha ya jenerali wa chumba cha kumi na tano.