Wananchi Mia Mbili wa Mheshimiwa Hezroni

Rodrick alikuwa na kanuni moja ya kazi: watu wakibishana hadharani, kuna mtu mahali fulani anayetaka kununua kitu. Kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, katika mgahawa wa chai ulio karibu na stendi ya Same, aliiacha chapati yake nusu, akasogeza kiti, akasikiliza.

"Milioni kumi na nane!" dereva mmoja alikuwa akisema. "Za kutengeneza ndiva ya Vumagha. Ndiva bado inavuja kama chekecheke. Zimekwenda wapi?"

"Ziko kwenye mchakato," alijibu muuza mitumba. "Diwani ameeleza vizuri kabisa redioni."

"Mchakato huo una ghorofa mbili na vigae vya bluu. Nimeupita jana."

Mgahawa mzima ulicheka, isipokuwa muuza mitumba, ambaye alikuwa shemeji wa diwani.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Vumagha ni kijiji kilichoko milimani, juu ya eneo la Mamba, na ndiva ni bwawa ambalo wazee wa Kipare walilijenga ili maji ya chemchemi yajae usiku na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Ukuta wa ndiva ulipasuka wakati wa masika. Fedha za ukarabati zilitolewa, zikapita mikononi mwa kamati ya diwani Hezroni, na hazikuonekana tena. Tangawizi ya mashamba ya chini ilikuwa imeanza kunyauka. Wiki tatu mfululizo kundi la WhatsApp la kata halikuzungumza jambo jingine. Hata matangazo ya misiba yalijibiwa kwa swali la milioni kumi na nane. Mwishowe uliitishwa mdahalo wa hadhara, Jumamosi saa nne, palepale ndivani. Hezroni angejibu tuhuma. Zephania, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, angezisoma. Zephania alisukumwa na uchungu wa wananchi, na pia na ukweli kwamba alikitaka kiti cha udiwani.

Rodrick alijiuliza swali moja tu: nani atapiga makofi?

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mashati mawili yaliyopigwa pasi vizuri, na chumba katika nyumba ya mama yake, Dorkasi, aliyekuwa akifuga mbuzi mmoja wa maziwa nyuma ya jiko. Mwaka uliopita Rodrick alikuwa Mwakilishi wa Kanda wa shirika ambalo halikuwapo. Mwaka huu kadi zake zilisomeka: Mshauri wa Mwonekano wa Viongozi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema saa tano asubuhi hiyo hiyo, akiwa mlangoni mwa diwani.

"Marahaba. Kama ni mchango wa harusi, sina."

"Sikuja kuomba, Mheshimiwa. Nimekuletea wananchi."

Hezroni alichungulia dirishani. "Wako wapi?"

"Watakuwa ndivani Jumamosi. Mia mbili. Wote wana imani na wewe."

Mheshimiwa aliinuka, akafunga mlango, akaketi tena taratibu. "Watapiga makofi?"

"Makofi, vigelegele na wimbo mmoja. Wimbo wa pili unalipiwa pembeni."

"Bei?"

"Milioni moja na nusu."

"Kijana, hiyo ni ghali!"

"Imani iliyoota yenyewe ingekuwa bure, Mheshimiwa. Hii ni ya kutengeneza."

Hezroni alifikiri, kisha akafungua droo na kuhesabu noti. Hakudai risiti. Katika suala la risiti, Mheshimiwa alikuwa kiongozi mwenye msimamo usioyumba.

Alasiri Rodrick alikuwa dukani kwa Zephania, akiuza wananchi mia mbili wenye hasira kwa milioni moja.

"Unasema wenye imani huuzwa ghali zaidi," alisema Zephania, ambaye alikuwa mfanyabiashara na alipenda kuelewa bei. "Kwa nini hasira ni rahisi?"

"Malighafi ipo, kaka."

Wananchi hao walikuwa walewale. Rodrick hakuona tatizo. Watu wangeweza kuamini hadi saa tano, wakapumzika robo saa, kisha wakakasirika hadi mchana. Tatizo lilikuwa kuwapata. Ukiwakodi watu mia mbili na kuwalipa posho, faida inakwisha. Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho mama yake, mzaliwa wa Vumagha, alipenda kusimulia: msaragambo. Pembe ikipigwa kule milimani, kila nyumba inatoa mtu kwenda kazi ya pamoja. Asiyefika hutozwa mbuzi. Hapakuwa na posho, wala nauli, wala kubembelezana.

Rodrick alizaliwa na kukulia mjini Same. Aliujua msaragambo kama mtu anayejua nyimbo za harusi bila kuwahi kuoa. Alijua kwamba pembe huita. Hakuwahi kuuliza inaita kufanya nini.

Jumatano alipanda Vumagha kwa bodaboda. Pembe na daftari la mahudhurio vilitunzwa na Devotha, katibu wa kamati ya ndiva, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimkuta barazani akiosha tangawizi katika beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usikanyage tangawizi."

Rodrick alieleza kwa ufasaha. Kuna wafadhili, alisema, wanaosikitishwa na hali ya ndiva. Wangependa Jumamosi ipigwe pembe, watu wote wafike.

"Ni msaragambo wa kazi gani?" aliuliza Devotha.

"Wa ndiva, mama. Wa ndiva yenyewe."

"Vizuri. Mwenye kazi ni nani?"

"Niandike mimi."

"Wewe ni wa nani? Pembe haipigwi kwa ajili ya mtu tusiyemjua kwao."

"Mama yangu ni Dorkasi. Alizaliwa hapa, karibu na kanisa la Kilutheri."

Hilo lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema wiki nzima. Devotha alimtazama kwa makini, kisha akaandika.

"Dorkasi namfahamu. Tuliimba pamoja kwaya. Sasa, mwenye kazi huweka dhamana. Milioni mbili."

Rodrick alicheka. Devotha hakucheka. Aliendelea kusugua tangawizi.

"Dhamana hurudishwa kazi ikikamilika, kama kimebaki kitu," alisema. "Lakini usijisumbue, mwanangu. Kuna kijana wa Moshi aliyekuja jana kuomba pembe kwa ajili ya Jumamosi hiyohiyo. Ana kadi nzuri kuliko yako. Amesema atarudi jioni na fedha."

Mtu wa Moshi! Mshindani, tena katika soko alilolivumbua mwenyewe! Rodrick alipiga hesabu haraka. Milioni mbili zingerudi Jumamosi jioni. Nusu milioni ingebaki mfukoni. Katika sentensi ya Devotha alisikia neno moja tu, nalo ni "hurudishwa". Alitoa fedha, akatia saini mahali alipoonyeshwa, akashuka mlima akipiga mluzi.

Jumamosi saa tatu asubuhi alifika ndivani na karibu amwage machozi ya furaha. Watu walikuwa wengi kuliko aliowauza. Walizunguka bwawa lote, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake. Kisha akaona kwamba kila mmoja alikuwa na jembe, sururu au karai. Akaona rundo la mifuko ya saruji yenye muhuri wa duka la Zephania. Akaona masufuria matatu ya makande yakichemka, kila moja likiwa na ukubwa wa kumtosha mtu kuoga.

"Umechelewa kwa saa mbili," alisema Devotha, akiwa na daftari kwapani. "Mwenye kazi hutangulia." Akampa jembe.

"Mama, mimi nimekuja kwenye mkutano."

"Mkutano uko mle." Alionyesha sakafu ya ndiva. Maji yalikuwa yamefunguliwa yote, na tope lilifika magotini. "Halafu makande ni ya mwenye kazi. Mahindi, maharage, kuni na mafuta, laki nne na nusu. Wapishi wanasubiri."

Watu wote wale wenye majembe walikuwa wakimtazama kwa upole. Rodrick alilipa.

Saa nne waheshimiwa waliwasili. Hezroni alivaa suti ya rangi ya maziwa. Zephania alivaa shati jeupe na kubeba bahasha ya ushahidi. Walitafuta jukwaa, viti na kipaza sauti, wakamkuta Devotha.

"Karibuni sana," alisema. "Leo pembe imelia, na pembe ikilia hakuna anayesimama bure. Anayetaka kuhutubia atahutubia akiwa amebeba karai la tope kutoka chini hadi ukingoni. Karai likitua, zamu yake imekwisha."

"Lakini mimi ni diwani!" alisema Hezroni.

"Ndiyo maana tumekutafutia karai jipya, baba."

Hezroni alikunja suruali, akabebeshwa, akaanza kupanda. "Ndugu wananchi," alisema, "tuhuma hizi zinazoenezwa... na watu wasioitakia mema kata yetu... ni za..." Karai likatua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kisiasa, Mheshimiwa alikuwa ametoa hotuba fupi. Zephania alifika hatua tano mbele zaidi, kwa kuwa duka lilimzoesha mizigo, lakini bahasha ya ushahidi ilidumbukia topeni pamoja na hoja zake tatu za kwanza.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea. Mikono ya wananchi ilikuwa na kazi, na vinywa vyao vilikuwa vikihema.

Hezroni alimtazama Rodrick. Zephania naye alimtazama Rodrick. Kisha wakatazamana wao kwa wao, na kila mmoja akaelewa kwa nini mwenzake anatazama palepale. Rodrick aliinama akalima kwa bidii ambayo mama yake hajapata kuiona.

Ilipofika saa sita, mafundi walianza kuchanganya saruji. Mzee mmoja aliyeitwa Tumainieli aliegemea mpini wa jembe lake.

"Jamani, saruji yote hii kaitoa nani? Si tuliambiwa fedha hakuna?"

"Nimeinunua kwa fedha ya Ndugu Rodrick," alijibu Devotha. "Yeye kaitoa wapi, sijui. Ndugu Rodrick, waeleze."

Rodrick aliyaona majembe yote yale, na nyuma yake wateja wawili, kila mmoja akiwa na koleo. Akachagua mteja aliyelipa zaidi.

"Ni fedha ya Mheshimiwa," alisema.

Hezroni nusura aangushe koleo. Lakini mwanasiasa hakosi kuitambua nafasi, hata akiwa na tope masikioni. Aliweka koleo chini na kunyoosha mikono.

"Mmesikia!" alipaza sauti. "Wananchi, hizi ndizo fedha za ndiva! Walisema nimezila. Sikuzila. Nilizitunza!"

Hapo ndipo majembe yalipowekwa chini, na makofi yakapigwa. Yalikuwa makofi mengi, ya dhati, na wanawake wakaongeza vigelegele. Mheshimiwa alipata kila alichokilipia, ukiondoa wimbo.

Zephania alifumbua mdomo kusema kwamba sehemu ya fedha hizo ni yake. Alifikiri namna ya kueleza alikuwa akinunua nini. Akaufumba.

Devotha alisubiri makofi yaishe. Kisha akafungua daftari.

"Asante sana, Mheshimiwa. Wengine tulikuwa tukisema vibaya, kumbe umezitunza. Naandika hapa mbele ya watu: zimepokelewa milioni mbili kati ya kumi na nane zilizotunzwa na Mheshimiwa Hezroni. Zimebaki kumi na sita. Tukuandikie utazileta lini?"

Vigae vya bluu vilipita mbele ya macho ya Hezroni, kimoja kimoja. Alitazama kulia, akaona wananchi. Alitazama kushoto, akaona wananchi wengine. Wote walikuwa na imani naye kwa wakati huo. Alikuwa amewanunua mwenyewe.

"Jumamosi ijayo," alisema, kwa sauti ambayo redio isingeinasa, na akatia saini kwa kidole chenye tope.

Jioni Rodrick alimfuata Devotha, akichechemea.

"Mama, dhamana yangu."

"Nilikwambia hurudishwa kazi ikikamilika, kama kimebaki kitu. Kazi ni ya Jumamosi tatu. Leo kilichobaki ni makande. Nikufungie?"

"Na yule kijana wa Moshi?"

"Kijana gani?" aliuliza Devotha, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesali.

Rodrick alishuka kwa miguu hadi kijiji cha Kisiwani, chini ya mlima, akiwa na malengelenge manane na kopo la makande. Alirudi Same akiwa na mpango. Jumamosi ijayo wateja wake wote wawili wangekuwa topeni. Hiyo ndiyo ingekuwa asubuhi salama ya kuondoka mjini. Alikopa nauli kwa Iddi, kinyozi wa jirani, akanunua tiketi ya Arusha, akaificha ndani ya kiatu.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri alitoka chumbani akiwa na begi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitenge, mkononi ana jembe. Nyuma yake mbuzi alikuwa amefungwa kamba.

"Devotha alinipigia simu," alisema Dorkasi. "Umejiandikisha kwa jina langu. Usipofika, wanamchukua huyu."

"Mama, mimi nina safari ya kikazi."

"Gari la Mamba linaondoka saa kumi na mbili."

"Nina tiketi ya Arusha!"

"Ulikuwa nayo," alisema mama yake. "Nimemuuzia Iddi. Nilimwambia mabasi yote ya leo yamejaa, kaongeza elfu tano."

Rodrick alivua kiatu, akachungulia ndani, akakivaa tena. Kisha alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, akapokea jembe.