Chumba Namba Mbili Hakifikiri

Kwa kauli moja na makofi ya dakika mbili, Idara ilitangaza kuwa ifikapo saa sita mchana wa Alhamisi, suala la kama mtambo wa akili bandia unafikiri kama binadamu litakuwa limefungwa rasmi. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wamelihangaikia kwa miaka. Walichokosa ni Kamati.

Karani wa masjala hakupiga makofi. Waraka ulisema wazi: mtambo ukionekana unafikiri, utachukua meza yake; usipofikiri, utaandikwa kwenye daftari la vifaa na kupelekwa stoo. Meza ile alikuwa ameikalia miaka kumi na tisa.

Mtambo uliwekwa chumba namba moja. Namba mbili aliingia Mkurugenzi mwenyewe, bila wajumbe wa Kamati kuambiwa ni nani, maana waraka ulidai “akili ya binadamu ya kiwango cha juu,” na hakuna mwingine aliyethubutu kujitokeza. Karani angepiga chapa majibu yote, wajumbe wasijue lipi ni la nani. Aliapishwa asifungue mdomo.

Muulizaji alitolewa kwenye foleni: bibi aliyekuja kufuatilia cheti cha kifo.

“Mume wangu mwaka wa tatu huu kaburini,” alisema. “Cheti chake kiko wapi?”

Namba moja ilijibu: “Pole sana, bibi. Faili lake liliwekwa kimakosa kwenye kabati la waliohamishwa. Tumekusumbua bure.”

Namba mbili: “Ombi lako limepokelewa na linafikiriwa. Njoo Jumatatu.”

“Jumatatu ipi, mwanangu?”

“Ombi lako limepokelewa na linafikiriwa. Njoo Jumatatu.”

“Na nikifa kabla?”

Jibu lilikuja lile lile, halikupungua hata nukta.

“Hiki ndicho chombo,” alisema Mwenyekiti wa Kamati. “Kimekariri.”

“Lakini wa namba moja ameomba radhi,” mjumbe alinong'ona. “Mtumishi gani huyo?”

“Ndiyo maana hapandi cheo. Ila ni mtu.”

Karani alitazama dari. Kiapo ni kiapo. Wajumbe walisaini, wakagonga muhuri: namba mbili ni mtambo, na haufikiri. Ndipo wakafungua mlango, wakamkuta Mkurugenzi na kikombe chake cha chai.

“Mimi ni mtu!” alifoka aliposomewa uamuzi.

“Hatubishi, mheshimiwa,” alisema Mwenyekiti huku akijifuta jasho. “Ila kimaandishi wewe ni mtambo.”

“Basi badilisheni maandishi!”

“Mwenye mamlaka hayo ni Mkurugenzi peke yake. Na kwa mujibu wa muhtasari, Mkurugenzi yuko chumba namba moja.”

Bibi alikuwa ameshaondoka na cheti chake. Mtunza stoo alifika na daftari, akafungua ukurasa mpya, akamgeukia karani.

“Mama, hali ya kifaa?”

Karani alimtazama Mkurugenzi juu hadi chini. Alimwonea huruma, lakini kidogo tu.

“Andika kibovu,” alisema. “Tulikipokea hivyo hivyo.”