Mume Wangu Aondolewe Kwenye Darasa la Molekuli

Ndugu Mwalimu wa Jumamosi,

Pole na kazi ya kufundisha watu wazima. Mimi ni mke wa yule fundi wa kusuka mota anayekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wanakosa chai. Alikuja kwako ajue plastiki ipi ifungie nyaya zisipige shoti. Kwa heshima zote, naomba umfukuze.

1. Sahani. Ulimwambia kuna molekuli zenye ncha chanya na ncha hasi, na umeme ukibadili upande nazo hugeuka kuufuata, zikihangaika hadi kitu kinapata moto. Basi sahani zangu zote zimepitishwa kwenye maikrowevu kupimwa kama zina ncha, tupu, na kikombe cha maji pembeni. Zile za melamini, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi, zilitoka za moto. Sasa ni sahani za kulishia kuku.

2. Ndugu. Alipomaliza vyombo akahamia kwa watu. Kaka yangu ameambiwa mbele ya wageni kwamba ana ncha mbili, kwa kuwa humgeukia kila mwenye cheo. Mama mkwe naye ni polithini: vuta huku, vuta kule, hana ncha, hageuki, hapati moto. Mama amefurahi, anadhani amesifiwa.

3. Mimi. Hapa ndipo yaliponifika shingoni. Juzi kaniita barafu. Eti barafu ni molekuli zilezile za maji, ncha zake zipo, ila zimeshikana sana haziwezi kugeuka. Eti zamani akiingia nilikuwa nageuka. Miaka kumi na minne nafua ovaroli zenye vanishi ya mota, halafu naitwa barafu! Niliumia, sifichi.

4. Kwa hiyo asifukuzwe peke yake. Somo lenyewe lifutwe, na molekuli zote zenye ncha zitolewe vitabuni mpaka familia zitulie.

Nisalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini, na wote waliokosa chai.

Ni mimi, mwenye kudai sahani zake,
Mke wa Fundi Mota

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilitaka kumuumbua. Nikaweka kipande cha barafu ya friza, kisicho na tone la maji juu yake, na kikombe cha maji kwenye maikrowevu. Maji yakachemka, barafu ikakaa vilevile. Nilicheka, kumbe alisema kweli. Nikawasha tena. Palipolowa kidogo pembeni, ndipo moto ulipoingilia, na kipande chote kikafuata. Hilo hakuniambia, labda hamjafika. Tafadhali usimfukuze. Niwekee kiti Jumamosi, kando ya chake, na usimwambie. Nataka aingie anikute, nione kama yeye bado anageuka.