Nyota za Steinvör na Amani ya Hodhi la Maji Moto

Ndugu Mhariri Ingimar,
Gazeti la Lambavík,
Ghorofani, juu ya duka la sufu.

YAH: OMBI LA KUMZUIA STEINVÖR KUSEMA UKWELI KUHUSU MUZIKI

Ndugu Mhariri, najua wewe ni mtoto wa shangazi yangu, lakini leo nakuandikia kama Mhariri, kwa hiyo kaa sawa kwenye kiti.

Kwanza ujue kwamba anayelalamika hapa si mtu mwenye kijicho. Katika ghuba hii yote hakuna mwenye bahati kama mimi, Eyvindur Torfason, dereva wa gari la kusukuma theluji, mtu aliyefika Hamburg, Grimsby na Las Palmas, na kote huko akasikiliza muziki kwa masikio yake mwenyewe. Albamu yangu ya kodiani, niliyoirekodi gereji kati ya gari na pipa la chumvi, ilitoka Septemba. Niliwagawia watu thelathini na mmoja. Wote thelathini na mmoja, Mhariri, wameniambia uso kwa uso kwamba hawajapata kusikia kitu kama kile. Wengine walifuta machozi. Mtu aliyependwa kiasi hicho ana shida gani tena? Nalalamika kwa niaba ya jamii.

Jambo lenyewe ni safu ya Steinvör, mkutubi wetu, inayotoka kila Alhamisi. Huyu mama anasikiliza albamu za kila aina, kisha anaandika anachofikiri. Namaanisha anachofikiri kweli! Shule niliiacha mapema, lakini hata mimi najua kwamba katika mji wa watu mia nne wenye hodhi moja la maji moto, ambamo wote tunakaa pamoja kila jioni, hilo ni sawa na kuacha ng'ombe dume kanisani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwaya ya wanaume. Steinvör aliwapa nyota mbili. Wale wa sauti ya kwanza aliwasifu, lakini kuhusu besi aliandika: "Wananguruma kama jokofu, unatambua kwamba walikuwepo pale wanaponyamaza." Hodhi pale kwenye bwawa la kuogelea linakaa watu wanane. Tangu Alhamisi ile, besi wanakaa upande wa ngazi, sauti ya kwanza upande wa bomba, na mimi nimebaki katikati kama soseji ndani ya mkate. Juzi Sigfús, besi mkubwa kuliko wote, alipoingia majini alisema, "Jokofu linawasalimu." Upande wa pili wakamjibu, "Funga mlango basi, mzee, baridi inatoka." Hakuna aliyecheka. Yaani mimi nilicheka, na sasa Sigfús hanisalimii.

2. Daktari wa meno. Oddgeir alitoa albamu ya jazi baada ya miaka kumi na miwili ya kuiwaza. Steinvör akampa nyota moja na nusu na maneno haya: "Dakika hamsini za mtu anayetafuta funguo gizani, na kila akizipata anazitupa tena." Mhariri, upande huu wa mlima daktari wa meno ni mmoja tu! Na Steinvör alikuwa na miadi Jumatatu iliyofuata. Nusu ya mji tulikwenda kukaa kwenye benchi la kusubiri, wengine tukiwa na meno mazima kabisa. Oddgeir hakumwumiza hata kidogo. Alimjaza pamba mdomoni, akawasha ile albamu, akamwuliza kwa upole, "Kwa hiyo, Steinvör, ni ule wimbo wa tatu ambao hukuuelewa?" Tulisikia tu "Mmmh." Akamwambia, "Usijali, tutaurudia." Tangu siku hiyo anampigia kila mgonjwa albamu hiyo. Mimi nimezibwa jino moja kwa nyimbo sita. Kosa langu ni lipi?

3. Sifa zake nazo ni hatari. Wale mabinti watatu wa shamba la juu, wanaopiga metali, ule muziki wa magitaa na mayowe, kwenye zizi la kondoo, aliwapa nyota tano. Aliandika kwamba kwa mara ya kwanza ameelewa kwa nini yeye mwenyewe hukasirika kila Novemba, giza la baridi linapoanza. Matokeo yake wazee wote wanaisikiliza. Mama yako, Mhariri, ambaye ni shangazi yangu na ana miaka themanini na minne, anafuma sufu huku akitikisa kichwa kama farasi mwenye nzi. Amenifumia sweta la Krismasi lenye fuvu kifuani. Nikamwambia, "Shangazi, mimi ni mtu wa kodiani." Akanijibu, "Vaa, mwanangu, labda litakusaidia." Alimaanisha nini? Sikuuliza.

Tazama maji yetu. Yanatoka ardhini yanachemka, na kama yangeachwa hivyo tungekuwa tumeiva zamani. Ndiyo maana halmashauri imemwajiri mtu wa kuyachanganya na ya baridi kabla hatujaingia. Je, maoni ya Steinvör nani anayachanganya? Hiyo ni kazi yako, Ingimar, na bomba la baridi hujaligusa.

4. Hili nalitaja kwa kupita tu, wala halinihusu sana. Albamu yangu Steinvör anayo tangu Septemba. Leo ni wiki ya kumi na nane. Ameandika kuhusu kwaya, jazi, metali, rapu ya yule kijana wa kiwanda cha samaki, hata kanda ya nyimbo za kulaza watoto. Mimi, hakuna. Njia ya kwake naisafisha ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya njia ya Mchungaji, na naisafisha mpaka mlangoni, jambo ambalo kanuni haziruhusu. Nilikwenda maktaba nikajifanya nataka kitabu cha ndege.

"Steinvör, uliisikiliza ile?"

"Niliisikiliza, Eyvindur."

"Ehee?"

"Unasukuma theluji vizuri sana."

Sasa hayo ni maoni? Nyota ngapi hizo? Na Jumamosi hii ni karamu yetu ya kati ya baridi, ya vichwa vya kondoo vilivyobabuliwa na papa aliyevundikwa, ambapo kamati hupanda jukwaani kumcheka kila mtu kwa alichofanya mwaka mzima. Baada ya vichekesho, wa kupiga muziki wa dansi ni mimi. Watu mia mbili, Mhariri. Mtu anapanda jukwaani mbele ya watu mia mbili bila kujua anachopanda nacho!

Kwa hiyo naomba rasmi Steinvör aondolewe, na safu yake nipewe mimi. Nitatoa nyota tano kwa wote. Ambao hawajarekodi bado nitawapa nne za kuwatia moyo. Nimekwisha andika ya kuanzia: "Kwaya: nzuri, besi hasa. Jazi: nzuri, funguo zimeonekana. Metali: nzuri, ila punguzeni kidogo." Ndani ya wiki mbili hodhi litakuwa na amani, na meno yetu pia.

Msalimie mkeo, na mbwa, na Sigfús ukimwona, mwambie nilicheka kwa sababu ya maji puani. Mwambie shangazi sweta limenikaa vizuri.

Wako kwenye theluji na kwenye haki,
Eyvindur Torfason

Baada ya sahihi: Ingimar, nimeisoma barua hii garini mara mbili, na sasa nakuandikia kama binamu. Usimwondoe Steinvör. Wale thelathini na mmoja, nikiwauliza hodhini kuhusu albamu, wanasema "Haya," kisha wanazama mpaka puani. Kwenye duka la vitu vilivyotumika la kanisa nimezikuta nakala kumi na tisa, bado ziko kwenye karatasi za zawadi nilizofunga mwenyewe. Nilizipanga mbele kidogo ili zionekane. Katika ghuba nzima aliyeisikiliza ni mmoja tu, na ameninyamazia kwa sababu ananihurumia, jambo ambalo hakumfanyia hata mtu anayeshika meno yake. Mwambie asinihurumie. Aandike Alhamisi hii, kabla ya Jumamosi, hata kama ni nyota moja. Nikijua ni wimbo upi mbaya nitauacha nyumbani. Na njia yake nitaisafisha vilevile. Ule mwanzo wa barua kuhusu bahati yangu uufute. Hakuna aliyesifu, hakuna aliyelia. Nilidanganya.