Nilivyomuua Shemeji kwa Kalamu

Jumatatu, 3 Juni
Mpwa wangu kachaguliwa chuo cha uuguzi! Dada, ambaye kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, kaisoma barua akiwa wima, mikono bado inanuka dawa, kisha akakaa sakafuni kama aliyeambiwa akae. Nimepiga vigelegele mimi. Si kazi ya mwanamume, lakini nani mwingine angepiga?

Ada hatuna. Kuna fomu ya kuomba ufadhili, kurasa kumi na mbili. Nimewaambia waniachie. Miaka yote hii nachapa barua za watu kwenye meza yangu nje ya mahakama. Fomu inichezee mimi?

Jumanne, 4 Juni
Nimekwama ukurasa wa tano. Mapato ya baba. Mahali anapofanyia kazi. Sahihi yake.

Shemeji alitoka kwenda kununua betri za redio, mpwa akiwa na miaka saba. Sasa ana kumi na tisa. Nadhani maduka yalikuwa mbali.

Dada kashauri twende ofisi ya ufadhili tukaseme ukweli. Nimecheka hadi nikapaliwa. Ukweli! Ofisini! Mpwa naye kasema labda wana utaratibu kwa watu kama sisi. Nimemwambia asinifundishe kazi.

Walipotoka nikajaza ukurasa mzima kwa neno moja, herufi kubwa: MAREHEMU. Safi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeipeleka fomu mwenyewe. Karani wa dirishani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, kauliza cheti cha kifo kiko wapi. Nikasema kinakuja. Kauliza marehemu amefariki lini. Nikasema majuzi.

Majuzi! Sijui ulimi ulilitoa wapi neno hilo. Mama wa watu akalegea macho, akanishika mkono, akasema poleni sana. Kumbe anakaa mtaa wetu. Kasema atawaambia akina mama wenzake.

Ijumaa, 7 Juni
Wamekuja saa kumi jioni, wanawake watano na masufuria. Dada katoka kazini kakuta watu wanalia sebuleni kwake. Kauliza nani kafa. Wakamwambia: mumeo.

Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga. Aliketi, akalia, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumzike mama yetu. Miaka yote hii alikuwa hajamlilia yule mtu hata tone. Nikamvuta jikoni, nikamnong'oneza kwamba ni mbinu tu, ya fomu.

Akanitazama. Akauliza polepole, "Kwa hiyo yuko hai?"

Nikasema sina habari zake. Akajifuta uso, akarudi sebuleni, akawashukuru wageni mmoja mmoja kwa kuja. Hakunitaja.

Chakula walicholeta kilikuwa kizuri lakini hakikushuka. Sahani ya pili ilishuka kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Cheti cha kifo cha mtu asiyekufa ni kigumu kupatikana. Mbinu mpya: nimtafute shemeji mwenyewe, asaini, tumfufue kimyakimya. Dereva wa lori aliyekuwa rafiki yake kanipa namba.

Kapokea! Sauti ile ile, ya mtu anayeongea huku anatafuta ufunguo mfukoni. Nimemweleza kila kitu, isipokuwa kwamba amefariki. Kisha kasema hawezi. Ana binti mwingine, naye kaomba ufadhili huo huo mwaka huu, na kwenye fomu ya yule ameandika ana mtoto mmoja tu.

"Nikisaini ya huyu, ya yule inaharibika. Nielewe, shemeji."

Nikamwambia namwelewa. Kwa nini nimwelewe?

Simu yangu mbovu, inasikika chumba kizima. Nilipogeuka, mpwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Kama anaomba mwaka huu, basi ni rika langu. Alikuwepo hata kabla baba hajaondoka."

Nikasema huenda yule ni mwerevu, karushwa darasa. Akaenda kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Jumatano, 12 Juni
Mpwa kaenda ofisini peke yake, kavaa viatu vya mama yake. Hakuniaga. Kamwambia karani yote, tangu mwanzo hadi simu ile. Karani kamsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

Kumbe ipo fomu ya ukurasa mmoja, kwa ajili ya mzazi aliyeitelekeza familia! Inataka barua ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Siku tatu, kazi imekwisha. Ingekuwa imekwisha. Ila faili lake sasa linakwenda kwa wachunguzi, kwa sababu kuna mtu kaandika marehemu kwa mtu anayepokea simu. Uchunguzi ni miezi minne. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki sita. Nafasi yake watamshikia mwaka mmoja, si zaidi.

Nikasema tatizo ni mfumo. Dada akanyoosha kidole kuelekea chumba changu cha uani. Nimekwenda.

Ijumaa, 14 Juni
Mpwa kaanza kazi kule kule kwa mama yake. Kafua mashuka ya wagonjwa ambao alitaka kuwauguza. Karudi vidole vimechubuka kwa dawa, hawezi kushika kijiko sawasawa.

Nimepiga magoti. Kweli, magoti yote mawili, saruji tupu. Nimemwomba radhi.

Kasema, "Mjomba, najua ulitaka nisome. Nyanyuka. Ila niahidi hutagusa tena karatasi yangu yoyote."

Nimeahidi. Nimelia, yeye ndiye akanipa kitambaa. Dada alikuwa anatusikia toka jikoni. Hakuja, lakini aliniwekea chai.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeamka mtu mpya. Ahadi ni ahadi. Nimejisikia mwepesi hadi saa tatu.

Saa tatu mteja kaacha gazeti mezani kwangu. Ukurasa wa tisa: shirika moja linasomesha mapacha! Wote wawili, ada yote, hadi sare. Fomu yao nimeisoma mara tatu, hakuna baba popote! Na karatasi ni ya shirika, si ya mpwa, kwa hiyo ahadi yangu haijaguswa.

Mpwa wangu hana pacha. Lakini binti wa muuza matunda ana paji la uso kama lake, na ni mpole, hajawahi kunikatalia jambo. Sijamwambia bado. Nimeshachapa ukurasa wa kwanza. Tarehe ya kuzaliwa nimewapa moja.